Foleni ya mpakani na presha ya dereva: jinsi msongo wa kazi unavyoumiza moyo

Dereva anayetoka bandari ya Dar es Salaam na kontena la kwenda Kigali ana karibu kilomita 1,500 za kumaliza. Njiani atapanda mizani mara kadhaa, kuanzia Vigwaza mkoani Pwani hadi Nyakahura mkoani Kagera, na kila mara anaomba Mungu uzito usizidi, maana faini moja inaweza kumeza faida ya safari nzima. Akifika Rusumo huenda nyaraka ziko tayari, huenda haziko. Tajiri anapiga simu, mwenye mzigo naye anapiga, na wakala wa forodha hapokei. Mtu huyo amekaa kitini tangu alfajiri na hajabeba hata gunia moja, lakini moyo wake umefanya kazi kubwa.

Hali kama hiyo wanaijua madereva wa Malaba na Tunduma, mawakala, na akina mama wanaovusha mahindi, samaki na vitenge pale Busia. Wote huiita kwa jina moja: presha. Hospitali huitwa shinikizo la juu la damu, na ni miongoni mwa sababu kubwa za kiharusi, mshtuko wa moyo na figo kushindwa kufanya kazi. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilikadiria kuwa watu bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 duniani wana tatizo hilo, na kwamba asilimia 46 kati yao hawajui kama wanalo.

Wengi huuliza iwapo kazi yenyewe ndiyo inayoleta ugonjwa huu. Utafiti wa zaidi ya nusu karne unaonyesha kuwa kazi inachangia, ila si kwa namna ambayo watu hudhani. Kazi nzito peke yake si adui wa moyo. Kinachoumiza zaidi ni kazi inayodai mengi kwa mtu ambaye hana uamuzi juu ya chochote, hasa ikichanganyika na saa nyingi, usingizi kidogo na kukaa mahali pamoja kutwa nzima. Maelezo hayo yanafanana mno na maisha ya barabarani.

Presha mbili, jina moja

Kabla ya kwenda mbali, kuna jambo la lugha ambalo limewagharimu watu wengi afya zao. Mtu akisema "yule afisa amenipandisha presha", anasema kweli. Katika dakika ile ya kubishana, shinikizo la damu hupanda, halafu hushuka ugomvi ukiisha. Hilo ni jambo la kawaida la mwili wenye afya.

Ugonjwa ni kitu kingine. Mgonjwa wa presha ni yule ambaye damu yake inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu kupita kiasi hata akiwa ametulia nyumbani, watoto wanacheza na hakuna anayemdai. Mara nyingi hasikii chochote. Kichwa hakimuumi, kizunguzungu hana, na anaweza kuendesha gari miaka kumi akiwa hivyo huku mishipa ikikakamaa.

Kwa kuwa mambo hayo mawili yana jina moja, watu hutumia ishara za la kwanza kupima la pili. Dereva akivuka mpaka na roho yake ikatulia, husema presha imeisha, na vidonge huviacha. Mwingine humeza kidonge siku ile tu anapohisi kichwa kizito, kama anavyomeza dawa ya mafua. Yupo pia anayehisi kizunguzungu baada ya kukaa juani bila maji wala chakula, akasema presha imeshuka, akaanza kulamba chumvi. Huenda imeshuka kweli. Huenda pia iko juu, na chumvi ile inaiongezea. Bila kipimo hakuna anayejua, wala daktari hawezi kujua kwa kumtazama mtu usoni.

Kinachotokea mwilini

Mtu akipata hofu au hasira, ubongo hutuma amri ya kumwaga homoni ya adrenalini kwenye damu. Moyo huenda mbio na mishipa midogo hubana. Homoni nyingine, kotisoli, huufanya mwili uweke sukari tayari kwenye damu, kama vile mtu anajiandaa kupigana au kukimbia. Porini hayo yalikuwa na maana, kwa sababu baada ya dakika chache mtu alikuwa ama ameshakimbia au ameliwa. Dereva wa lori hana pa kukimbilia. Anabaki kitini, mwili umejiandaa kwa vita isiyokuja, na kesho yake ni hivyo hivyo.

Hali hiyo ikirudiwa kwa miaka, figo huanza kushikilia chumvi na maji zaidi, kuta za mishipa huwa nene na ngumu, na msuli wa upande wa kushoto wa moyo hutanuka kama msuli wa mkono wa mpakia mizigo. Tofauti ni kwamba msuli wa mpakia mizigo ukitanuka unamsaidia, ilhali wa moyo ukitanuka hivyo hukakamaa na hatimaye huchoka.

Usiku nao una sehemu yake. Kwa mtu anayelala vizuri, shinikizo la damu hushuka kwa asilimia 10 au zaidi wakati wa usingizi, na hapo mishipa hupumzika. Anayeendesha usiku na kulala vipande vipande mchana, injini ikiunguruma na utingo akipiga soga nje, hukosa mapumziko hayo. Ipo pia shida ya wanaokoroma sana, hasa wenye shingo nene, ambao pumzi hukatika usingizini na kurudi kwa kushtuka. Kila pumzi inapokatika shinikizo huruka juu. Mtu kama huyo huamka amechoka na husinzia kwenye usukani, na mara nyingi dawa za presha humsumbua kufanya kazi hadi tatizo la kupumua litibiwe.

Mabasi ya London na ofisi za serikali

Ushahidi wa kwanza mkubwa ulitoka kwa watu wa usafiri wenyewe. Mwaka 1953 daktari wa Uingereza, Jerry Morris, na wenzake walichapisha utafiti juu ya wafanyakazi wapatao 31,000 wa usafiri jijini London. Waligundua kuwa madereva wa mabasi ya ghorofa walipata ugonjwa wa moyo zaidi kuliko makondakta waliokuwa kwenye mabasi yale yale. Dereva alikaa kutwa nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi kukata tiketi. Baadaye Morris alipekua hata rekodi za sare na kukuta suruali za madereva zilikuwa na viuno vipana zaidi tangu walipoajiriwa. Hivyo kukaa hakukuwa sababu pekee, lakini mlango wa utafiti ulikuwa umefunguka.

Utafiti mwingine ulianza mwaka 1967 kwa watumishi wa serikali ya Uingereza na ulipewa jina la Whitehall, mtaa wenye wizara. Wengi walitarajia kuwa wakubwa wenye maamuzi mazito ndio watakaokufa kwa moyo. Ikawa kinyume. Watumishi wa ngazi ya chini kabisa, kama matarishi na mabawabu, walikufa kwa ugonjwa wa moyo zaidi ya mara tatu ya wakubwa. Sigara na shinikizo la damu vilieleza sehemu tu ya tofauti hiyo.

Mwaka 1979 mtaalamu wa Marekani, Robert Karasek, alitoa hoja ambayo inatumika mpaka leo: kazi inaumiza pale inapodai mengi huku mtu hana mamlaka juu ya jinsi ya kuifanya. Mwaka 2012 watafiti wa Ulaya walikusanya takwimu za karibu watu 200,000 na kukuta kuwa wenye kazi za namna hiyo walikuwa na hatari ya ugonjwa wa moyo iliyozidi ya wengine kwa asilimia 23. Si ongezeko la kutisha kama la sigara, na waandishi wenyewe walisema hivyo. Kwa upande wa saa za kazi, WHO na Shirika la Kazi Duniani, ILO, walitangaza mwaka 2021 kuwa anayefanya kazi saa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi iliyo juu kwa asilimia 35, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo iliyo juu kwa asilimia 17, akilinganishwa na anayefanya saa 35 hadi 40. Dereva wa masafa marefu wa Afrika Mashariki hufikisha saa 55 kabla wiki haijafika Ijumaa.

Tafiti hizo za kazi na mamlaka zimefanyika zaidi Ulaya na Marekani, maofisini na viwandani. Hata hivyo, msomaji aliyewahi kukaa kwenye foleni ya Malaba mwezi Mei 2020, wakati madereva walipokuwa wakisubiri vipimo vya Covid-19 na malori yamejipanga makumi ya kilomita upande wa Kenya, hahitaji kuelezwa maana ya kudaiwa mzigo huku huna uamuzi juu ya chochote.

Yanayoongezwa juu ya msongo

Msongo hauendi peke yake. Mtu mwenye haraka hutafuta kitu cha kumweka macho, na hapo ndipo mirungi, sigara na vinywaji vya kuongeza nguvu vinapoingia. Mirungi, au miraa kama inavyoitwa Kenya, ambako inauzwa kihalali tofauti na Tanzania ambako imepigwa marufuku, ina kemikali iitwayo kathinoni inayofanya kazi kama adrenalini: moyo huenda mbio na shinikizo hupanda kwa saa kadhaa. Mtafunaji anayechanganya na sigara, soda na usiku usio na usingizi anauongezea moyo mizigo minne kwa mpigo.

Chakula cha barabarani kina chumvi nyingi. WHO inashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja kidogo cha chai, ikiwa ni pamoja na iliyokwisha kupikwa ndani ya chakula. Sahani ya chipsi iliyonyunyiziwa chumvi mara mbili na nyama choma inayochovywa kwenye chumvi huimaliza sehemu kubwa ya kiasi hicho kwa mlo mmoja.

Kuna jambo lingine ambalo madereva wachache wanalijua. Dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen, zinazonunuliwa duka lolote kwa ajili ya mgongo, huweza kupandisha shinikizo la damu na kupunguza nguvu ya dawa za presha, tena zikitumiwa kila siku huumiza figo. Mgongo wa dereva unauma kweli. Lakini mwenye presha anapaswa kumwambia mfamasia ugonjwa wake kabla ya kununua.

Wapi na lini upime

Dereva wengi hupimwa siku ya likizo, wakiwa wamelala vya kutosha. Kipimo husoma vizuri, wakarudi barabarani na moyo mweupe. Wataalamu wamegundua kuwa wapo watu ambao shinikizo lao ni la kawaida kliniki na liko juu wanapokuwa kazini, na uhusiano wa msongo na presha huonekana zaidi kwenye vipimo vilivyochukuliwa wakati wa kazi kuliko vya kliniki. Kwa hiyo anayesafiri anufaike kwa kupima sehemu zote mbili: nyumbani, na pia safarini, kwa mfano kwenye maegesho ya mpakani wakati gari linasubiri kutolewa.

Mashine ya betri inayofungwa juu ya kiwiko inafaa zaidi kuliko ile ya kifundo cha mkono, na kampuni yenye malori matano inaweza kununua moja kwa gharama isiyofika hata bei ya tairi. Kupima kuna utaratibu wake. Kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, miguu yote chini, mkono umewekwa juu ya kitu usawa wa moyo. Kojoa kwanza. Kama umevuta sigara au kunywa kahawa, subiri nusu saa. Pima mara mbili, uandike namba zote na mahali ulipo. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi kikijirudia siku tofauti kinahitaji daktari. Kipimo kimoja kilichochukuliwa mara baada ya kugombana na askari wa barabarani hakitoshi kumfanya mtu mgonjwa.

Vidonge vinavuka mpaka, majina hayavuki

Hapa ndipo wasafiri wengi wanapoanguka. Mtu ameandikiwa dawa Mwanza za mwezi mmoja, safari imechukua wiki sita, vidonge vimeisha akiwa Bujumbura au Lubumbashi. Anaonyesha kopo tupu kwenye duka la dawa, muuzaji anasema hana dawa hiyo. Mara nyingi anayo, ila imetoka kiwanda kingine na ina jina jingine la biashara. Jina la kuandika kwenye daftari au kupiga picha kwa simu ni lile la dawa yenyewe, kama amlodipine au losartan, pamoja na kipimo chake cha miligramu. Hilo halibadiliki kutoka nchi hadi nchi. Pia ni busara kumwomba daktari akiba ya wiki mbili zaidi ya safari inavyotarajiwa, na kuibeba na cheti chake.

Wapo wanaoacha kwa makusudi vidonge vya kupunguza maji mwilini kwa sababu vinakojoza, na barabarani hakuna pa kusimama. Wanaficha jambo hilo, na daktari anapoona presha haishuki humwongezea dozi. Ni afadhali kusema ukweli. Muda wa kumeza unaweza kubadilishwa ufuate saa za kuendesha, au dawa ikabadilishwa kabisa. Aina fulani za dawa za presha, hasa zile zinazopunguza mapigo ya moyo, ni hatari kuzikatisha ghafla.

Mwenye mali na mwenye gari

Kama tatizo ni kudaiwa mengi bila kuwa na mamlaka, basi sehemu ya dawa iko mikononi mwa watu wasiokaa kwenye usukani. Tajiri anayepanga siku ya kufika bila kuhesabu foleni anapanga pia ugonjwa. Ulaya, kanuni ya mwaka 2006 inamtaka dereva wa lori kubwa apumzike dakika 45 kila baada ya saa nne na nusu za kuendesha, na kwa kawaida asizidi saa 9 kwa siku. Barabara za kwetu ni tofauti, lakini mwili wa dereva ni ule ule. Mfumo wa kulipa dereva kwa idadi ya safari peke yake humfanya kila saa ya foleni aione kama fedha inayotoka mfukoni mwake. Posho ya siku za kusubiri ingeondoa sehemu ya joto hilo, na wasafirishaji wanaolalamika kuwa ni gharama wangepiga hesabu ya lori lililopinduka na dereva wake.

Vituo vya pamoja vya mpakani, kama vya Rusumo, Namanga, Busia na Tunduma–Nakonde, ambako gari hukaguliwa upande mmoja tu badala ya pande mbili, vilijengwa kwa ajili ya biashara. Kila saa vinayopunguza ni nafuu kwa moyo pia. Nafuu hiyo hupotea nyaraka zisipotumwa mapema, na hilo ni jukumu la wakala na mwenye mzigo.

Kwa mfanyabiashara mdogo, mamlaka huanza na kujua kanuni. Ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuna utaratibu rahisi kwa bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama, zilizomo kwenye orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, ambazo hupewa cheti rahisi cha asili pale pale mpakani na kusamehewa ushuru wa forodha. Mama anayejua hayo huingia dirishani kuuliza. Asiyejua hupita njia ya panya usiku, anamwogopa kila mwenye sare, na anapoteza fedha na usingizi kwa pamoja.

Dalili zisizosubiri

Uso ukipinda upande mmoja, mkono ukikosa nguvu ghafla au maneno yakivurugika, hicho huenda ni kiharusi. Maumivu ya kubana kifuani yanayosambaa mkononi au kwenye taya, pamoja na jasho na kukosa pumzi, huenda ni mshtuko wa moyo. Kipimo cha 180 kwa 120 au zaidi kikiambatana na dalili kama hizo ni dharura. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda kwenye ubongo, mahali inapopatikana, hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya picha ya kichwa. Ndiyo maana utingo anapaswa kuangalia saa na kukumbuka dalili zilianza lini.

Dereva asiendelee kushika usukani, hata kama anasema imepita. Ampelekwe hospitali kubwa iliyo karibu, hata ikiwa iko upande wa pili wa mpaka na kontena halijatolewa forodhani.